Fazi ya gerimani na fazi ya silikoni nilizojitengenezea: nawezaje kuzilinganisha kwa haki?

mpiga_solo:

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Mimi hupiga gitaa la solo katika bendi ndogo hapa Tanga, na kwa miezi minne sasa nimekuwa nikijifunza kujitengenezea pedali za fazi za mtindo wa zamani, yaani vifaa vya kukanyaga kwa mguu vinavyoipa sauti ya gitaa mkwaruzo. Nimekwisha kumaliza mbili. Zote mbili zinafuata saketi ya Fuzz Face, ile pedali ya mviringo iliyotolewa na kampuni ya Arbiter ya London mwaka 1966, ambayo ukiondoa swichi na matundu ya kuchomekea waya ina vipande 11 tu: transista mbili, rezista nne, kapasita tatu, na rezista mbili za kuzungusha, moja ya kiasi cha fazi na nyingine ya sauti.

Pedali ya kwanza nimeitia transista za gerimani aina ya AC128 nilizozifungua kutoka kwenye redio mbovu. Ya pili ina transista za silikoni aina ya BC108C, nilizozinunua zikiwa mpya. Katika ile ya gerimani nilifuata ushauri wa kuondoa rezista ya kilo-omu 8.2 na kuweka mahali pake rezista ndogo ya kurekebisha kwa bisibisi, nikaizungusha mpaka kolekta ya transista ya pili (mmoja wa miguu yake mitatu; mingine ni beisi na emita) ikasimama kwenye volti 4.5, yaani nusu ya betri. Ile ya silikoni niliiacha na thamani zilezile za mchoro.

Tatizo langu ni hili. Asubuhi fazi ya gerimani inatoa sauti nene na laini, na nikipunguza sauti kwenye gitaa lenyewe mkwaruzo unaondoka, nyuzi zinalia safi kabisa. Ikifika saa nane mchana, chini ya bati na katika joto hili la kaskazi, noti inaanza vizuri kisha inakatika ghafla kana kwamba mtu ameikaba koo. Niliporekodi pedali zote mbili mchana na kuwasikilizisha wenzangu wa bendi, wote walichagua ya silikoni, nami nahisi kwamba hukumu ile haikuwa ya haki, ingawa siwezi kueleza kwa nini. Je, nimekosea kuunga, au hiyo ndiyo tabia ya gerimani? Na mtu anayetaka kulinganisha pedali mbili za namna hii bila kujidanganya afanyeje?

fundi_wa_redio:

Marahaba, kijana wangu. Nimetengeneza redio kwa miaka mingi, na transista za gerimani nazijua kabla hazijawa kitu cha kutafutwa na wapiga gitaa. Kabla sijakujibu, nipe vipimo. Usiniambie tundu la kupimia transista kwenye mita yako linasema nini, kwa sababu kwa gerimani tundu hilo linachanganya ukuzaji wa kweli, yaani transista inaukuza mkondo wa beisi mara ngapi, na mkondo unaovuja bila beisi kuuamuru, kisha linakupa jumla yake kama kwamba yote ni ukuzaji.

Fanya hivi. Chukua betri mpya ya volti 9. Unganisha rezista ya kilo-omu 2.2 na ya omu 270 kwa mfuatano, upate omu 2,470. AC128 ni ya aina ya PNP, kwa hiyo emita iende kwenye chanya ya betri, na kolekta iende kwenye hasi kupitia hizo omu 2,470. Beisi iache ikining'inia bila kuguswa na kitu chochote, kisha pima volti zilizopo kati ya ncha mbili za hizo rezista. Volti hizo zinatokana na mkondo unaovuja peke yake, na kila volti 0.1 ni takriban mikroampia 40. Baada ya hapo unganisha beisi na hasi ya betri kupitia rezista ya mega-omu 2.2, ambayo itapitisha takriban mikroampia 4, na usome tena. Toa kipimo cha kwanza kutoka katika cha pili, zidisha mara 100, na hapo utakuwa umepata ukuzaji wa kweli.

Jambo moja usilisahau: ukishaishika transista kwa vidole, iache dakika chache ipoe kabla ya kusoma. Joto la vidole pekee linatosha kupandisha namba mbele ya macho yako, na wengi wametupa transista nzuri kwa sababu hiyo.

mpiga_solo:

Mzee, nimepima saa moja asubuhi, kipimajoto kikiwa kwenye nyuzi 25. Transista ya kwanza ilisoma volti 0.23 kabla ya kuunganisha beisi na 0.93 baadaye, kwa hiyo ukuzaji wake ni 70, wakati tundu la mita lilikuwa likiniambia 80. Ya pili ilisoma 0.31 kisha 1.46, yaani ukuzaji wa 115. Kolekta ya transista ya pili ndani ya pedali ilikuwa kwenye volti 4.5 asubuhi, na saa nane mchana, kwenye nyuzi 35, ilipanda hadi 6.6 bila mimi kugusa kitu. Rezista ya kurekebisha nimeikuta kwenye kilo-omu 12.3. Kolekta ya pili ya pedali ya silikoni iko kwenye volti 3.4, asubuhi na mchana.

fundi_wa_redio:

Basi hukukosea kuunga, na ugonjwa umejionyesha wenyewe. Fuata hesabu hii polepole.

Kolekta ya transista ya kwanza inalishwa na rezista ya kilo-omu 33, ambayo kwa betri ya volti 9 haiwezi kupitisha zaidi ya mikroampia 250 hivi. Transista yako ya kwanza inavuja mikroampia 93 kwenye nyuzi 25. Mvujo wa gerimani huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10 za joto, kwa hiyo saa nane mchana unavuja kama 186. Asubuhi beisi ilikuwa na mikroampia 157 za kutawala. Mchana zimebaki 64. Sasa, beisi hiyo inalishwa kutoka kwenye emita ya transista ya pili kupitia rezista ya kilo-omu 100. Beisi ikihitaji mkondo mdogo zaidi, volti za emita ya pili zinashuka, na zikishuka, mkondo unaopita ndani ya transista ya pili unapungua karibu nusu. Mkondo ukipungua, kolekta yake inapanda kuelekea volti za betri, na ndiyo maana umesoma 6.6. Transista iliyosimama karibu na kufunga namna hiyo hupitisha mwanzo wa noti wenye nguvu tu; noti inapofifia haina nguvu ya kuifungua tena, ikanyamaza. Hiyo ndiyo koo iliyokabwa.

Dawa si kuzungusha rezista ya kurekebisha kila mchana. Tafuta kwa nafasi ya kwanza transista inayovuja chini ya mikroampia 30, yaani isomeke kama volti 0.07 au pungufu kabla ya beisi kuunganishwa, yenye ukuzaji wa 70 hadi 80. Ile inayovuja zaidi iweke nafasi ya pili, kwa kuwa mkondo wa nafasi hiyo unashikiliwa na emita yake na mvujo hauidhuru sana. Tena, kwa sisi tunaoishi pwani, usirekebishe pedali asubuhi. Irekebishe saa nane mchana. Ikisimama vizuri wakati huo, usiku haitakusumbua. Waliochora saketi hii walikuwa Uingereza, na nyuzi 35 za chini ya bati hawakuzifikiria.

Transista usizichomee moja kwa moja kwenye bodi. Weka soketi, ili uweze kubadilisha bila kuziunguza kwa pasi ya risasi. Na kwa kuwa pedali yako ya PNP ina chanya kwenye ardhi, yaani kwenye ganda la waya wa gitaa, ilishe kwa betri yake peke yake. Ukiiunganisha na adapta moja pamoja na pedali zenye hasi kwenye ardhi, utakuwa umezigusanisha chanya na hasi za adapta kupitia ganda la waya wa gitaa.

nyuzi_sita:

Ninafanya kazi ya kurekodi hapa Mombasa, na ningependa kujibu ile sehemu ya pili ya swali, kwa sababu naona mzee amemaliza ya kwanza.

Kaka, wenzako hawakulinganisha gerimani na silikoni. Walilinganisha pedali iliyosimama kwenye volti 6.6 na nyingine iliyosimama kwenye 3.4. Hakuna hata moja iliyokuwa pale inapotakiwa, na zimekosea kwa kuelekea pande mbili tofauti. Silikoni huhitaji takriban volti 0.6 kati ya beisi na emita, wakati gerimani hutosheka na 0.1 au 0.2; kwa hiyo ukiacha thamani zilezile za rezista, transista ya pili ya silikoni itapitisha mkondo mkubwa zaidi na kolekta yake itashuka. Badilisha ile ya kilo-omu 8.2 kwa 6.2 na utakaribia nusu ya betri. Usizungumzie tofauti ya madini kabla hujafanya hivyo.

Kosa la pili ni la ukubwa wa sauti, na hili limejificha zaidi. Katika saketi hii sauti haitolewi kwenye kolekta yenyewe, bali kwenye kiungo kati ya rezista ya omu 470 na ile kubwa inayoifuata. Zile 470 ndizo zinazoamua ni sehemu gani ya mtikisiko wa kolekta itakayotoka nje. Kwako, upande wa gerimani, 470 ni kama asilimia 3.7 ya jumla ya rezista hizo mbili, kwa sababu uliongeza ile kubwa hadi kilo-omu 12.3, upande wa silikoni ni asilimia 5.4. Hata kama transista zote mbili zingetikisa kolekta kwa kiasi kilekile, pedali ya silikoni ingetoka na sauti kubwa zaidi kwa desibeli 3 hivi. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba msikilizaji haitambui kuwa ni ukubwa; yeye husema tu kwamba hii ina uhai na ile imepooza. Nimeona mabishano makali ya studio yakiisha kwa kusogeza kifundo kimoja kidogo. Kwa hiyo sawazisha kwanza sauti kwa kifundo cha pedali, ukipima kwa mita au kwa programu ya kurekodi na wala si kwa sikio, ndipo uwaite wasikilizaji, na usiwaambie ipi ni ipi.

Kosa la tatu huenda hukulifanya, lakini nalitaja kwa sababu ndilo linalowanasa watu makini kuliko wote. Mtu mwangalifu husema: nitarekodi gitaa mara moja bila pedali, kisha nitaupitisha upigaji uleule katika kila pedali, ili mkono wangu usije ukabadilika. Kwa pedali nyingine nyingi hilo ni jambo jema. Kwa Fuzz Face ni balaa. Ingizo lake lina ukinzani mdogo sana, wa kilo-omu chache, na linaielemea koili ya pikapu, kile kinasa mtikisiko wa nyuzi kilicho kwenye gitaa, moja kwa moja, kiasi kwamba koili, kifundo cha sauti cha gitaa na hata waya vinakuwa sehemu ya saketi. Ukipunguza sauti kwenye gitaa, unaongeza rezista kati ya koili na transista, na hapo ndipo ule usafi unaousifu unapotokea. Kadi ya sauti ya kompyuta, au pedali yoyote iliyotangulia yenye bafa, yaani saketi ndogo ya kuimarisha mawimbi, haina koili hiyo. Inasukuma mawimbi kwa nguvu nyingi, na fazi inatoa sauti kali, nyembamba, isiyosafika. Kwa njia hiyo utalinganisha pedali mbili katika hali ambayo hakuna mpiga gitaa atakayekutana nayo jukwaani. Piga kwa mkono, gitaa moja, waya mmoja, kipande kifupi kilekile, mara tatu kwa kila pedali, na katika kila kipande ingiza sehemu ambayo kifundo cha gitaa kimeshushwa.

Kuhusu betri, watu husema kwamba betri za kaboni zinalainisha sauti kwa sababu zinalegea zikivutwa. Pedali hii hula chini ya miliampia moja. Hakuna betri inayolegea kwa mzigo huo ikiwa mpya. Zinazokuja na tofauti ni volti: betri mpya husoma karibu 9.5, na iliyotumika huenda ikawa 8, na kuhama huko kunasogeza kila kitu alichokieleza mzee. Tumia betri moja kwa pedali zote mbili, uihamishe.

kinanda_na_bati:

Ninawaheshimu wote waliotangulia, ila naomba nipingane nao kidogo. Mnazungumza kana kwamba volti 4.5 ni amri. Fazi ya kwanza kuuzwa madukani kwa wingi, Maestro Fuzz-Tone ya mwaka 1962, ilikuwa na transista tatu za gerimani zilizolishwa kwa volti 3 tu, na sauti yake ndiyo hiyohiyo kavu inayokatika ambayo ndugu yetu anaiita ugonjwa. Chanzo cha kuitengeneza kilikuwa mitambo iliyoharibika katika studio moja ya Nashville, ikaipa mkwaruzo sauti ya gitaa la besi la mpiga gitaa Grady Martin, na mhandisi Glenn Snoddy badala ya kuitupa sauti ile akaenda kutafuta namna ya kuizalisha kwa transista. Nendeni pia mkawasikilize Wazambia wa miaka ya 1970, WITCH na Ngozi Family, muone fazi kali inavyoweza kukaa juu ya mdundo wa Kiafrika bila kuomba radhi.

Ushauri wangu ni kwamba, pamoja na kuitengeneza pedali isimame imara, asiifukie ile sauti ya saa nane. Atoboe tundu kwenye kasha, aweke kifundo badala ya rezista ya kurekebisha ya ndani, ili aikabe koo anapotaka mwenyewe. Na tena, ulinganisho wa chumbani haunishawishi. Fazi inayopendeza ikiwa peke yake mara nyingi hupotea ngoma na besi zinapoingia, kwa sababu imejaa sauti za chini ambazo mpiga besi tayari amezichukua. Zilinganishe mkiwa bendi nzima.

nyuzi_sita:

Hilo la bendi nzima nakubaliana nawe, kaka. Hata hilo la kifundo cha nje nakubali, mradi kuwe na rezista ya kudumu nyuma yake, ili mtu akikizungusha hadi mwisho gizani asije akaipoteza sauti kabisa katikati ya wimbo.

mpiga_solo:

Nimerudi, wiki mbili baadaye, na nawashukuru sana. Katika mfuko wa transista nilizozifungua kwenye redio nilipima zote tisa. Mbili zilikuwa zimekufa, nne zinavuja vibaya, na moja ilisoma volti 0.06 kabla ya beisi na 0.76 baadaye, yaani ukuzaji uleule wa 70 lakini mvujo wa mikroampia 24 tu. Niliiweka nafasi ya kwanza, nikaiacha ile ya 115 nafasi ya pili. Rezista ya kurekebisha ilirudi hadi karibu kilo-omu 9.5. Asubuhi kolekta ilisimama kwenye 4.5, na saa nane, kwenye nyuzi zilezile 35, ikafika 5.1. Baada ya hapo nilimtii mzee, nikairekebisha mchana, na sasa noti inafifia mpaka mwisho bila kukatika.

Silikoni niliipa rezista ya kilo-omu 6.2, ikapanda hadi volti 4.7. Nilisawazisha sauti kwa programu ya kurekodi, nikawaita wenzangu walewale watano, nikapiga nikiwa nyuma ya pazia. Sehemu ya sauti kamili waligawanyika, watatu kwa wawili, na mmoja wao alibadilisha jibu lake nilipopiga mara ya pili. Sehemu ya kifundo cha gitaa kilichoshushwa hawakugawanyika: wote watano walisema ya gerimani ilisafika zaidi. Tulipojaribu na bendi nzima, mpiga besi akaiomba ya silikoni, kwa sababu anasema ile nyingine inaingia shambani kwake.

Ile ya silikoni inabaki na kero moja. Usiku, gitaa likiwa kimya na kifundo cha fazi kikiwa juu kabisa, inanasa stesheni ya redio, na juzi tulisikiliza taarifa ya habari nzima kupitia amplifaya.

fundi_wa_redio:

Ukuzaji wa BC108C ni mkubwa mno, zaidi ya 400, na transista yenyewe ina kasi ya kutosha kuyatambua mawimbi ya redio. Weka kapasita ya pikofaradi 100 kati ya kolekta na beisi ya transista ya kwanza, miguu yake iwe mifupi kadiri uwezavyo, na kasha liwe la chuma lililounganishwa na ardhi. Ukiona ncha ya juu ya sauti imepungua kuliko unavyopenda, shuka hadi 47.

mpiga_solo:

Nimeweka ya 100, mzee. Stesheni imenyamaza, na sauti imekuwa laini kidogo kuliko mwanzo. Sasa itabidi niwaite wale watano tena.